Bi Sange na Vikapu Viwili vya Maneno

Paukwa!
Pakawa!
Basi sogeeni, na mwenye usingizi akalale kwao.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiandika programu, palikuwa na Bi Sange, mwenye pua ndefu na moyo wa wasiwasi. Aliandika programu ya mafuriko. Mto ukifura, kipimo cha mtoni kitume neno, na tarumbeta zilie kwenye kila shimo: "Maji yanakuja, pandeni." Shimo la chini kabisa lilikuwa lake. Humo alilala mwanawe mchanga, akilelewa na dada yake.

Programu ilisimama juu ya kiunzi cha Tembo, yaani mifupa ya programu aliyoiunda Tembo ili wengine wajengee juu yake. Na neno halisafiri mikono mitupu, lazima litiwe kikapuni. Kulikuwa na kikapu cha lugha yenyewe ya programu, kinachotumiwa na wote, nacho kipimo hakikujua kingine. Kulikuwa na kikapu cha kiunzi, nazo tarumbeta hazikupokea kingine.

Mzee Kobe akaja. "Mjukuu wangu, tumia cha lugha. Tembo akihama na kiunzi chake, utabaki na nini?"

"Ndiyo, babu."

Mzee Buibui akaja. "Mjukuu wangu, tumia cha kiunzi. Umejenga kwa Tembo, halafu unaleta vikapu vya nje?"

"Ndiyo, babu."

Kwao mdogo hamkatalii mkubwa. Basi Sange akawaridhisha wote wawili. Kila hatua akalihamisha neno, kutoka cha lugha kwenda cha kiunzi, kutoka cha kiunzi kurudi cha lugha, ili kila mzee akichungulia aone chake.

Mawingu yakatanda. Sange na wenzake wakafanya jaribio kilimani. Kiboko akakitikisa kipimo, neno likatoka. Wakangoja, kimya. Wakangoja, kimya. Wakangoja, kimya. Kiboko akatoka majini, akapanda kilima polepole na kitambi chake, akauliza, "Vipi, zimelia?" Hapo ndipo zikalia.

Kumbe kila kuhamishwa kulilichelewesha neno. Maji ya kweli yangekuwa yamekwisha kufika shimoni.

Huko juu mtoni radi ikapiga.

"Toa vikapu vya Buibui," akasema Kobe.

"Toa vya Kobe," akasema Buibui.

Sange aliogopa maji, aliogopa wazee, na hakujua anaogopa kipi zaidi. Akamkumbuka mwanawe.

"Babu zangu, niwieni radhi. Leo nawakatalia nyote."

Akafuta kuhamisha kote. Neno litoke mtoni katika kikapu cha lugha. Likifika mlangoni mwa kiunzi lihamishwe mara moja, kisha liende moja kwa moja hadi kwenye tarumbeta katika kikapu cha kiunzi.

Alipomaliza tu, mto ukafura. Tarumbeta zikalia papo hapo.

Sange akashuka mbio, wenzake wakipanda.
"Panya, umemwona dada yangu?"
"Sikumwona."
"Nungunungu, umemwona dada yangu?"
"Sikumwona."
"Kicheche, umemwona dada yangu?"
"Sikumwona, na shimo lenu limejaa maji."

Akaketi matopeni. Ndipo akamwona dada yake akija. Akamwita, asijibiwe. Akamwita tena, asijibiwe. Angejibuje, naye kinywani amembeba mtoto?

Mafunzo ndiyo hayo: nje tumia kikapu cha wote, ndani tumia cha mwenye nyumba, na ubadilishe mlangoni tu. Na heshima isikuzuie kusema hapana mtoto akiwa shimoni.

Wazee walinuna. Kobe akaingiza kichwa ndani, Buibui akahamia darini, na hawajatoka mpaka leo. Mimi nimefika mwisho, na anayebisha akawaulize wao, kama watamfungulia.