Zimwi Lililokula Kumbukumbu za Nakijwa

Paukwa!

Pakawa!

Masikio yenu yako wapi, wajukuu?

Haya hapa, bibi!

Basi yategeni.

Hapo kale, katika nchi ya milima, aliishi mama mjane aitwaye Nakijwa. Alikuwa mzee sana, na kichwani mwake mlikuwa na mambo ambayo hakuna mwingine aliyeyajua. Alijua nyimbo za kupandia mtama. Alijua mizizi ya kumwokoa mwanamke aliyeshindwa kujifungua. Na alijua mahali ilipokuwa chemchemi isiyokauka, ambayo wazee waliifunika kwa jiwe wakati wa vita, yeye akiwa msichana mdogo.

Wanawe walimheshimu, lakini hawakumwuliza. Kila mmoja alisema, "Mama yupo, nitamwuliza kesho."

Siku moja adhuhuri, watu wakiwa mashambani, likaja zimwi. Usoni lilifanana na mtu, ila kisogoni lilikuwa na mdomo mwingine. Likampa Nakijwa mgongo, likafungua mdomo wa kisogoni, likavuta pumzi. Basi nyimbo zikamtoka mama masikioni zikiwa nyuki wanaong'aa, zikaingia kinywani mwa zimwi.

Jioni Nakijwa akataka kuimba, asiweze. Wanawe wakasema ni uzee tu.

Mwezi ulipoandama, zimwi likarudi. Likafungua mdomo, likavuta pumzi, likala ujuzi wote wa mizizi. Lakini siku hiyo binti yake, Mkunde, alikuwa amerudi nyumbani kuchukua jembe, akaona. Akajikaza, akaliuliza kwa nini linamla mama yake.

"Simli mama yako," likasema zimwi. "Nakula kilichomo ndani ya kichwa kimoja tu. Kilicho katika vichwa vingi hakimezeki. Mwezi ukiandama nitakuja kumalizia."

Na mwaka huo mvua ilikuwa haijanyesha. Mtoni mlibaki mchanga.

Mkunde akamwendea kaka yake, Senkoro, akamweleza aliyoyaona. Senkoro alidhani dada yake amepigwa na jua. Basi akaenda kumwuliza mama ile dawa iliyomwokoa mkewe mwaka jana. Mama akamtazama, akasema hajui dawa yoyote. Senkoro akatoka nje, akalia.

Yeye na Mkunde wakawaita watoto na wajukuu wote wa Nakijwa. Wakamwuliza, wakamsikiliza, wakarudia. Kesho yake wakamwuliza, wakamsikiliza, wakarudia. Akawaonyesha njia ya chemchemi, kilima kwa kilima. Akawaeleza pia alivyomzika mtoto wake wa kwanza, na alivyomkimbia mume wake, na kilichomrudisha. Wanawe hawakuwahi kuyasikia.

"Mbona hamkuniuliza zamani?" akasema.

Wakasogea karibu zaidi, wakamwuliza tena.

Mwezi ukaandama. Zimwi likaja, likafungua mdomo, likavuta pumzi. Nyuki wakamtoka Nakijwa. Hapo wajukuu wakaanza kusema yote waliyoambiwa, na kila aliyesema, nyuki walimtoka kinywani, hata ua wote ukawaka mwanga na hewa ikavuma. Zimwi likameza, likameza, likameza. Nyuki waliingia kisogoni wakatokea mdomo wa usoni, wala hawakupungua hata mmoja. Watu wakapiga magoti bila kuambiwa.

Zimwi likafunga mdomo. Likamwinamia Nakijwa, kama mtu anavyomwinamia mfalme, likapanda mlimani, likaingia ukunguni. Halikuonekana tena.

Nyimbo na mizizi havikurudi. Vilikwisha kuliwa. Lakini asubuhi watu walifuata njia waliyoelekezwa, wakalisukuma jiwe, na maji yakaruka juu kupita vichwa vyao. Wengine walishindwa hata kunywa, wakabaki kuyatazama.

Nakijwa akaishi miaka mingi. Mwishoni uzee wenyewe ukamsahaulisha hata jina lake. Basi kila jioni wajukuu walimsimulia maisha yake, naye alisikiliza.

Siku moja akauliza, "Huyo mwanamke alikuwa na moyo mkubwa. Ni nani?"

"Ni wewe, mama," akasema Mkunde.

Nakijwa akaitazama mikono yake kwa muda mrefu, kama anayeiona mara ya kwanza.

Hadithi yangu naitua hapo. Wajukuu zangu, mwenye mzazi amwulize leo, na akishajibiwa awaambie wenzake.