Mahali pa "Ila"

Fundi mmoja wa kompyuta alipewa kazi na zahanati. Kila asubuhi wazee wanaoishi peke yao waulizwe hali kwa ujumbe wa simu, na majibu yaende moja kwa moja kwenye kompyuta ya zahanati. Sasa, wapendwa, mashine hazipigi soga kama mimi na wewe. Lazima kwanza ziandikiwe kila kitu ni cha aina gani: jina ni herufi, umri ni namba, hali ni ndiyo au hapana. Fundi akaandika hivyo, akaridhika.

Mwenzake wa ofisini akasita. "Kaka, mama yangu ukimuuliza hali anakwambia, 'Sijambo, ila...' Hiyo 'ila' yake itakaa wapi?"

Fundi akacheka. "Dada yangu, mtu ni mzima au si mzima. Ila ya nini?"

Ya nini! Nani kati yetu hajui? Si hata mfiwa huulizwa habari za nyumbani akajibu, "Nzuri, ila tumempoteza baba"?

Miaka ikaenda. Fundi akazeeka, mkewe akafariki, watoto wakahamia mbali. Namba yake ikaingizwa kwenye huduma ileile. Asubuhi moja simu ikalia: "Hujambo? Jibu NDIYO au HAPANA." Alikuwa amepika chai ya watu wawili, kwa mazoea, na kikombe cha pili kilikuwa kinapoa mbele yake. Akaandika, "Sijambo, ila nyumba imekuwa kubwa."

Simu ikajibu: "Samahani, hatujaelewa."

Angejibu HAPANA, gari la wagonjwa lingekuja, na yeye hakuwa na homa. Alikuwa mpweke tu. Akamkumbuka yule dada wa ofisini. Akabonyeza NDIYO.

"Asante. Siku njema."

Jumapili akaja ibadani. Alijiambia huko kuna watu, si mashine. Mlangoni kijana wa mapokezi akamshika mkono kwa furaha. "Shikamoo, mzee! Hujambo?"

"Marahaba, mwanangu. Sijambo, ila..."

Mkono ulikuwa umeshaachia. Kijana alikuwa anamsalimia mtu wa nyuma yake.

Mlipokuwa mnaicheka ile mashine, mlikuwa na raha. Lakini mashine ilisema nini? Ilisema, "Samahani, hatujaelewa." Sisi hata hilo hatusemi. Tunasema "Bwana asifiwe" na kupita, na mzee wa watu anarudi kwenye kikombe chake cha pili akiwa na ila yake mdomoni.

Wapendwa, baada ya sala tutatoka kwa mlango uleule. Tutashikana mikono na kuulizana hali, kama kawaida yetu. Mwenzako akikwambia "sijambo", usiuachie mkono wake. Hajamaliza kusema.