Santuri Iliyofunika Mtungi

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, si ile zamani ya fisi kwenda kuposa kwa watu. Ni zamani ya juzijuzi tu, kompyuta zilipokuwa na kisogo kikubwa na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Hapo ndipo, Mji Mpya pale Morogoro, alipokaa Bi Asumini, mwanamke aliyepoteza sauti yake.

Ujanani aliimba. Bendi moja ya mjini ikarekodi naye santuri, "Mlango Uko Wazi", na watu wakamjua hadi Kilosa. Kisha akaugua koo, akapasuliwa, akapona, ila sauti haikupona naye. Tangu hapo ananong'ona tu. Mjukuu wake Mwanaheri alizaliwa akakuta minong'ono, akalelewa kwa minong'ono, na sasa alikuwa anaolewa Jumamosi bila kumsikia bibi yake akiimba hata siku moja.

Bi Asumini akawaita jamaa na majirani. Akanong'ona, "Nataka mjukuu wangu anisikie kabla hajatoka kwangu. Mara moja inanitosha. Atakayenirudishia sauti yangu, santuri yenyewe ni yake."

Maneno makubwa hayo, maana santuri yenyewe hakuwa nayo. Zake zote zilipindika kwa joto la bati.

Wa kwanza kuinuka ni wifi yake, Bi Kidawa. Akaenda jikoni kwake, akafunua mtungi wa maji, akarudi na kifuniko. Cheusi, cha mviringo, tundu la katikati kaliziba kwa kitambaa.

"Uliniazima, wifi, nikasahau kurudisha," akasema. "Miaka ishirini na moja nafunikia maji."

Bi Asumini alitaka kumkumbatia na kumtia kofi kwa wakati mmoja. Lakini tazama, ubaridi wa mtungi ulikuwa umeilinda santuri, haikupinda hata kidogo. Ilikuwa na mkwaruzo mmoja tu, mrefu, kwa sababu Bi Kidawa ni msafi, na kila Ijumaa aliisugua kwa jivu.

Je, sauti ilirudi? Bado.

Bi Asumini akaichukua, akaenda nayo kwa jirani yake, Mwalimu Desideri.

"Shikamoo, Bibi," akasema Mwalimu. "Kompyuta ninayo, gramafoni ya marehemu baba ninayo, waya wa kuziunganisha ninao. Wimbo utaingia kwenye kompyuta, na ukishaingia hautapotea tena. Nimekosa sindano tu."

Bi Asumini aliposikia sindano, hakungoja zaidi. Sindano ziko kwa nani? Kwa mafundi cherehani. Akamfuata Fundi Ngwembe barazani kwake.

"Sindano namba ngapi?" akauliza Fundi. "Ya jinzi au ya kanga?"

"Ya kuimbisha," akanong'ona Bi Asumini.

Mafundi wote wakacheka, cherehani zikasimama. Fundi Ngwembe peke yake hakucheka. Akafungua kopo la vifungo, akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye pamba. Sindano ya santuri.

"Gramafoni yangu ilikufa, hii nikaibakiza," akasema. "Nina santuri arobaini sandukuni, nangoja nipate mashine. Lakini imelika, Bi Asumini. Nyimbo zilizobaki humu ni chache mno. Ukiitumia wewe, mimi ndiyo basi."

Fundi akaitazama sindano, akamtazama yule mama, akafunga cherehani yake. "Twende," akasema.

Je, sauti ilirudi? Bado.

Wakarudi kwa Mwalimu, Bi Kidawa naye akaja kusikiliza. Mwalimu akafunga sindano, akachomeka waya, santuri ikazunguka. Likatoka jitu, dume zito, linaimba kama limelala. Bi Asumini akaangua kilio. "Huyo si mimi," akanong'ona. "Mmeniharibu."

"Mwalimu, unamwendesha polepole," akasema Fundi. "Hiyo ni ya mizunguko arobaini na tano kwa dakika, wewe umeweka thelathini na tatu."

Mwalimu akageuza kitufe. Akatoka msichana wa miaka kumi na tisa, sauti kavu na safi, haogopi mtu. Bi Asumini akajifunika uso kwa kanga, mabega yakimtetemeka kwa furaha.

Ubeti wa tatu, sindano ikafika kwenye mkwaruzo, ikaruka, mstari mzima ukapotea. Wakarudia, ikaruka. Wakarudia tena, ikaruka, na wimbo ulipoisha, sindano nayo ikaisha. Wote wakamgeukia Bi Kidawa.

"Nilikuwa naisafisha," akasema.

Siku tatu Mwalimu alikaa mbele ya kompyuta. Akaondoa milio midogo ya kukwaruza, akahesabu mapigo ya ngoma, akafungua pengo la mstari mmoja, si zaidi wala si pungufu.

"Ningeweza kuliziba kwa maneno ya ubeti wa kwanza," akamwambia Bi Asumini. "Ungekuwa uongo, Bibi. Nimekuachia nafasi yako."

Jumamosi mchana, chini ya turubai, wimbo ukapigwa. Mwanaheri akaacha kula. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Pengo likakaribia. Bi Asumini akasimama, akachukua kipaza sauti, na mnong'ono wake ukajaa uwanja mzima: "Nimekuja mwenyewe, sikutumwa na mtu." Papo hapo yule msichana wa kwenye santuri akapokea. Vigelegele vikaanza mezani, vikahamia jikoni, vikatoka hadi barabarani. Mwanaheri akamkumbatia bibi yake, wanja ukimchuruzika. "Kumbe ndiyo wewe," akasema.

Santuri ikaletwa, ikawekwa mapajani mwa Bi Asumini.

"Ningeirudisha mapema, ingepindika kama zile nyingine," akasema Bi Kidawa. "Na bila mkwaruzo wangu, wifi, leo ungekaa tu. Mimi ndiye niliyekuimbisha."

"Mimi nimezika santuri zangu arobaini ili huo wimbo mmoja usikike," akasema Fundi Ngwembe.

"Mimi nimeutoa wimbo kwenye santuri, hauharibiki tena," akasema Mwalimu Desideri. "Na pengo nililiacha mimi."

Mwanaheri akainama sikioni mwa bibi yake. "Katika wimbo wote," akasema, "nimeupenda ule mstari wako wa leo."

Bi Asumini akacheka, akainua santuri kwa mikono miwili, akawatazama mmoja mmoja. Ahadi ni ahadi, na santuri ni moja. Mimi hapo niliitwa kupakua pilau, sikuona ilikwenda kwa nani. Haya, nyinyi mliomaliza kula, nijibuni. Sauti ya Bi Asumini, nani aliyeirudisha? Je, nani alistahili santuri?