Nyuki Mgongoni mwa Twilumba

Hapo zamani, na msinitolee macho, si zile zamani za sungura kusema, ni hizi za juzi tu, reli ilipokuwa bado inajengwa kutoka pwani kwenda Zambia, palikuwa na ndugu wawili katika kijiji cha Ilunguji. Mkubwa aliitwa Damasi. Mdogo aliitwa Otmari. Wote wawili wakapata kibarua kambini kwa Wachina. Damasi akawa anaponda kokoto, Otmari akawa anabeba mataruma ya kulazia reli.

Damasi vumbi likamwingia kifuani, akakohoa mpaka akalazwa. Otmari kifua chake kizima, kasoro yake ilikuwa ngumi: wiki haikupita hajampiga mtu, au hajapigwa yeye. Sasa pale kambini alikuwapo daktari mmoja mzee, mfupi, mcheshi, Daktari Lu. Daktari Lu akamchukua Damasi alfajiri, akamfundisha kitu. Akamchukua Otmari jioni, akamfundisha kitu. Reli ikaisha, daktari akarudi kwao, na ndugu wale wakarudi nyumbani, kila mmoja na kitu chake. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Kila asubuhi Damasi alisimama nyuma ya jiko, magoti yamelegea, mikono mbele kama aliyekumbatia mtungi. Alivuta pumzi taratibu mpaka chini ya kitovu, akaitoa taratibu. Haendi popote. Leo anainua mikono na kuishusha mara nane, kesho ananyoosha mbavu, keshokutwa amechoka, anakaa kwenye kigoda na kuvuta pumzi tu. Ukimuuliza atakwambia, "Hii ni chigong."

Kila jioni Otmari aliingia shamba lililovunwa, akaanza kutembea. Hatua ishirini na nne, kila moja imefungwa kwenye mwenzake, ukiruka moja umeharibu zote. Mkono huu unakinga, ule unasukuma, kiuno kinageuka, mguu unatafuta ardhi kwanza ndipo unabeba mwili. Zilikuwa ngumi zile zile za kambini, ila sasa zinakwenda polepole mno, huwezi kumpiga nazo hata kuku. Ukimuuliza atakwambia, "Hii ni taichi."

Majirani walisema mmoja anawanga na mwenzake anafukuza mbu. Hilo halikuwauma. Kilichowauma ni wao kwa wao. Waliwaza hivi: daktari alikuwa mmoja, basi na kitu ni kimoja, na kama sisi tunafanya tofauti, mmoja wetu amesahau.

"Umesahau, Otmari," alisema Damasi. "Daktari alisema tusimame. Wewe unazurura."

"Kaka, uliyesahau ni wewe. Ulikuwa na homa, ukashika hatua ya kwanza tu, ukagandia hapo hapo."

Miaka sita! Miaka sita hawali sahani moja. Mama yao, Bi Leokadia, alipakua ugali mara mbili kila siku, huku akiwalaani kimoyomoyo, wote wawili kwa usawa.

Katika mwaka wa sita akarudi nyumbani dada yao wa mwisho, Twilumba, kuja kujifungulia kwa mama yake. Huyu Twilumba alikuwa na hofu, na alikuwa na haki ya kuwa nayo. Mtoto wake wa kwanza aliishi siku tisa. Sasa mimba hii ya pili ilipokua, kila usiku kifua kilimbana, akakaa kitandani akihema mpaka kunakucha. Damasi akamwona. Akamwita nyuma ya jiko, akamwambia, "Simama hapa, mdogo wangu. Kumbatia mtungi. Pumzi ishuke chini, isikae kooni." Twilumba akasimama. Siku ya kwanza alicheka, siku ya kumi alilala usingizi.

Akajifungua mtoto wa kiume, mzima, mnene, mwenye sauti. Lakini damu nyingi ilikuwa imemtoka, na alipoinuka kitandani miguu ikawa si yake. Alipepesuka hata akienda kisimani. Akaogopa kumbeba mwanawe. Otmari akamwona. Akamwita shambani, akamwambia, "Usiutupe mguu kama unatupa gogo. Upeleke mtupu, uulize ardhi, ukijibiwa ndipo uhamishie uzito." Twilumba akatembea. Wiki ya kwanza alishikilia mabua, wiki ya nne alikwenda mwenyewe na mtoto mgongoni.

Na hapa msimcheke, nyie mngefanya vile vile. Asubuhi alimwambia Damasi, "Kaka, yako ndiyo yenyewe." Jioni alimwambia Otmari, "Kaka, yako ndiyo yenyewe." Kila mmoja akamwonya asimwambie mwenzake, naye akaapa. Angefanyaje? Aliwapenda wote, na vyote viwili vilikuwa vinamsaidia.

Ikafika Jumamosi, mtoto ana wiki saba, bado hana jina. Mumewe alikuwa amemwachia yeye amchagulie. Walikwenda wote kanisani kumwona katekista, kwa kuwa ubatizo ulikuwa kesho yake, na Twilumba alipoulizwa jina alisema, "Nitasema kesho." Kwao mtoto hupewa jina la mtu aliyemfaa. Na huyu bado hakuwa na aliyemfaa zaidi ya mama yake, au ndivyo walivyodhani.

Wakarudi. Bi Leokadia mbele, Twilumba na mtoto mgongoni katikati, Damasi kulia, Otmari kushoto, hawasemeshani. Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya reli, chini ya tuta. Twilumba alipofika juu, katikati ya vyuma viwili, akasikia mvumo.

Alidhani ni treni. Haikuwa treni. Lilikuwa kundi la nyuki linalohama, na kundi hilo likashuka, likazunguka mara mbili, likatua. Likatua wapi? Juu ya kanga, mgongoni, juu ya mtoto aliyelala.

Twilumba alihisi uzito ukiongezeka begani, kidogo kidogo, wa moto na wenye kutambaa. Mmoja akapita juu ya sikio lake. Akataka kupiga kelele. Akataka kukimbia. Akaona siku tisa za mwanawe wa kwanza zote kwa mara moja, akasema moyoni, Mungu wangu, na huyu pia?

Pumzi ikampanda kooni. Akaikamata hapo. Magoti yakalegea yenyewe, mikono ikaja mbele ikakumbatia mtungi usiokuwapo, na pumzi ikaanza kushuka, taratibu, chini ya kitovu. Mgongo wake ukatulia. Mtoto, aliyekuwa ameanza kujinyonganyonga, akahema mara moja na kurudi usingizini.

Otmari alikwishavua shati. "Nawafukuza hawa!"

"Ukilipunga hilo shati," Bi Leokadia alisema kwa sauti ya chini kabisa, "nakulaani mbele ya kanisa. Weka chini. Wote kimya. Mwanangu, wamechoka tu, wanatafuta pa kukaa. Wasitikiswe, wasipuliziwe pumzi kali." Bi Leokadia alikuwa binti wa mrina asali, marehemu mzee Ngwila. Akashuka tuta bila haraka, kwenda kuutoa mzinga mtupu wa baba yake uliokuwa darini.

Twilumba angesimama pale mpaka jioni. Lakini darajani, upande wa juu, treni ikalia. Hii sasa ilikuwa treni kweli, ya mizigo, na treni ya mizigo ikishafika darajani haisimami kwa kupungiwa kanga. Na tuta lile lilikuwa kokoto tupu. Mtu mzima mwenye viatu huliteremka kwa makalio.

Twilumba akapeleka mguu wa kushoto, mtupu. Akauliza kokoto. Kokoto ikateleza, akaurudisha mguu, maana haukuwa na uzito wa kumvuta. Akaupeleka pengine. Hapo pakajibu. Akahamishia mwili, kiuno kikageuka, mgongo haukujua kama miguu inatembea. Hatua ya pili. Hatua ya tatu. Kaka zake walisimama midomo wazi. Hatua ya tisa, ya kumi na nne. Alipogusa majani chini ya tuta, treni ikapita kule juu kwa kishindo, nchi ikatetemeka, nyuki wakavuma wote kwa pamoja. Naye akasimama palepale, mtungi mikononi, akivuta na kuachia mpaka behewa la mwisho likapita.

Bi Leokadia akaja na mzinga. Alikuwa ameupaka nta ndani na kuufukiza kidogo. Akamkalisha binti yake polepole, akauinamisha mdomo wa mzinga juu ya bega lake, akangoja. Nyuki wanapenda giza, na wanapenda kupanda. Mmoja akapanda. Kumi wakapanda. Kisha malkia wao akapanda, na wote wakamfuata kama watu wanaotoka misa. Mmoja tu ndiye aliyeuma, na alimuuma Bi Leokadia mdomo wa chini. Hakujifuta, hakusema hata "ah".

Kanga ikafunguliwa. Mtoto hana hata alama. Akafumbua macho, akaona watu wanne wanamwinamia, akapiga mwayo.

Twilumba alilia. Alilia mpaka akacheka, alicheka mpaka akalia tena, akambusu mtoto kichwani, miguuni, tumboni. "Mzima!" alikuwa anasema. "Mama, ni mzima! Kaka, mtazameni, ni mzima!" Otmari, yule bwana ngumi, alikuwa amekaa chini anafuta machozi kwa lile shati.

Kisha Damasi akamwangalia dada yake. "Kusimama kule nilikufundisha mimi. Kutembea kule ulifundishwa na nani?"

Na Otmari akauliza, "Kutembea nilikufundisha mimi. Kusimama je?"

Twilumba akatazama chini. "Nisameheni. Nyote wawili. Asubuhi kwa huyu, jioni kwa huyu."

Halafu Damasi akasema, "Hebu Otmari, simama kama mimi." Otmari akasimama, baada ya kitambo kidogo magoti yakamtetemeka akalaani. "Hebu kaka, tembea kama mimi." Damasi akatembea hatua tatu, akajikwaa kwenye mguu wake mwenyewe. Wakatazamana.

"Lakini hiki ni kingine!" alisema Otmari.

"Kingine kabisa. Daktari Lu aliniona mimi kifua."

"Akaniona mimi ngumi."

"Hakuna aliyesahau."

"Hakuna. Miaka sita, kaka! Hakuna aliyesahau!"

Wakashikana mabega, wakacheka hadi mtoto akaogopa. Siku ile Bi Leokadia alipakua ugali mara moja, kwenye sahani moja. Mtadhani basi mambo yakaisha. Yaishe wapi! Tonge la pili halijashuka, wakaanza upya, sasa juu ya jina.

"Mtoto aitwe Damasi," alisema Damasi. "Nyuki hawakuuma kwa sababu mgongo ulitulia. Mtoto hakuamka kwa sababu pumzi ya mama yake ilikuwa shwari. Angelia na kurusha miguu mara moja tu, kwisha. Bila pumzi hakuna hatua ya kwanza."

"Mtoto aitwe Otmari," alisema Otmari. "Pumzi ni nzuri, kaka, nakubali. Lakini angebaki anapumua vizuri katikati ya reli, na treni haijali nani anapumua vizuri. Ni hatua zilizomteremsha. Angeteleza mara moja tu, kwisha."

"Btoto aitwe Ngwila," alisema Bi Leokadia, na mdomo wake ulikuwa umevimba kiasi cha embe, maneno yakatoka yamepinda, wakajizuia kucheka wasiweze. "Sebeni! Dani alizuia chati? Dani alileta bzinga? Bngesimama, bngetembea, na dyuki wangebaki hapo hapo bgongoni bpaka leo. Jina la baba yangu."

Wakabishana mpaka sahani ikaisha, na walipokwisha wakamgeukia Twilumba. Alikuwa amekaa mlangoni anamnyonyesha mwanawe. Akawatazama mmoja mmoja, akasema taratibu, "Na miguu iliyotembea ilikuwa ya nani? Na kifua kilichopumua kilikuwa cha nani?" Wakanawa mikono.

Jumapili ikafika. Kanisa limejaa, maji yako tayari, Bi Leokadia kajifunika mdomo kwa kanga, ndugu wawili wamekaa benchi moja wanasukumana kwa viwiko. Katekista akachovya kalamu, akafungua daftari lake.

"Haya mama," akamwambia Twilumba. "Jina la mtoto?"

Twilumba akamtazama Damasi, aliyempa pumzi. Akamtazama Otmari, aliyempa hatua. Akamtazama mama yake, aliyewaondoa nyuki. Akamkumbuka mzee mmoja mfupi aliyeko mbali, ambaye hakuwahi kumwona, aliyemtazama kila mtu na kumpa kilichompungukia. Akavuta pumzi mpaka chini ya kitovu, akafungua mdomo.

Nyie mliokaa hapo mkitikisa vichwa, mwambieni: je, ni nani alistahili mtoto aitwe jina lake? Semeni upesi, kalamu ya katekista inakauka, na mtoto ameanza kulia.