Bi Nguchiro Alivyowapambanisha Nyati na Kifaru

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakiishi mitaani kama sisi, wakipika, wakifua, wakigombana na majirani na kusikiliza redio, palikuwa na mabondia wawili waliojulikana kila pembe. Mmoja alikuwa Nyati, mwingine Kifaru.

Nyati alikuwa mwepesi wa miguu. Ungedhani sakafu inamchoma. Kifaru alikuwa na ngumi nzito. Akigonga gunia la mazoezi, duu! vyombo vilicheza kabatini mtaa mzima. Nyati hajawahi kupigwa. Kifaru hajawahi kupigwa. Ninyi mngefanyaje? Mngewapanga wapigane, mjue nani zaidi! Hata mtoto wa chekechea angesema hivyo.

Lakini hawakupigana. Mwaka wa kwanza, hawakupigana. Wa pili, hola. Ukafika mwaka wa sita, bado. Na hapa ninaposimulia damu inanichemka, maana sababu yenyewe ilikuwa ya kijinga kabisa.

Palikuwa na redio mbili. Redio Miamba ilikuwa ya Chui. Redio Bwawani ilikuwa ya Kiboko. Chui alimsainisha Nyati mkataba kwamba atapigana tu mapambano ambayo Redio Miamba imeyakubali na kuyatangaza. Kiboko naye akamsainisha Kifaru mkataba kama huo wa Redio Bwawani, neno kwa neno. Chui hakutaka pambano kubwa lisikike Bwawani. Kiboko hakutaka lisikike Miamba. Wananchi wakiuliza, "Lini jamani?" Chui alijibu, "Muulizeni Kiboko." Wakienda kwa Kiboko, aliwaambia, "Muulizeni Chui."

Na kwa kuwa kila Jumamosi redio lazima iwe na ngumi za kutangaza, wakatafuta watu wa kupigwa. Walipigwa mbuzi. Walipigwa swala. Hata Bata aliwahi kuvishwa glovu, eti naye bondia!

Glovu zote zilishonwa na Bi Nguchiro. Mnamjua nguchiro? Mnyama mdogo, mwembamba, macho hayatulii. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya uwanja wa soko. Kwa kuwa alijuana na kila aliyepita pale, wenye redio walizoea kumtuma awatafutie wapinzani, naye alizoea kukataa.

Jirani yake alikuwa Pongo, muuza maji. Jumamosi moja Chui alikosa mtu, akamtuma mtu wake ampate Pongo moja kwa moja.

"Usiende," Bi Nguchiro akamwambia. "Wewe si bondia."

"Raundi moja tu, dada. Nitakimbiakimbia."

"Unafuata nini huko?"

Pongo akaona haya. "Wameniambia jina langu litatajwa redioni. Mama yangu kule bondeni atalisikia."

Basi akaenda. Kengele ikalia, ngeeng! Pongo akakimbia hatua nne. Pwaa! Taya likavunjika. Nyati mwenyewe aliinama akamshika asianguke vibaya, akawa anasema, "Nisamehe, ndugu yangu, nisamehe," kisha akawageukia wenye redio: "Huyu mmeniletea wa nini?"

Tangu siku hiyo Bi Nguchiro akawa anamlisha Pongo uji kwa kijiko kidogo, akimkinga kidevu kwa kitambaa. Siku ya tatu mama yake Pongo akafika kutoka bondeni, vumbi mpaka magotini.

"Nilikaa kwenye redio tangu mchana," mama akasema. "Nilimsikia Nyati. Mwanangu sikumsikia."

Hakumsikia kwa sababu mtangazaji alisema hivi: "Nyati dhidi ya Mpinzani!" Ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi. Mbuzi alikuwa Mpinzani. Swala alikuwa Mpinzani. Kila aliyepigwa kwa ajili ya redio zile aliandikwa Mpinzani.

Bi Nguchiro alichukua glovu aliyokuwa akiishona, akachoma sindano, na sindano ikamkatikia mkononi kwa jinsi alivyoikandamiza. Akainuka. Akajitanda kanga. Akaenda moja kwa moja kwa Chui.

"Hodi! Shikamoo, Bwana Chui."

"Marahaba. Umeleta glovu?"

"Nimeleta habari ya mpinzani."

Chui akakaa vizuri. "Ahaa! Leo umekuwa na akili. Yukoje?"

"Mla majani. Mnene. Macho yake hayaoni mbali."

"Anajua kukimbia?"

"Akikimbia anakwenda mbele tu. Kugeuka kwake ni shida."

Chui akacheka mpaka mkia ukapigapiga sakafu, pa, pa, pa. "Huyohuyo! Jumamosi, saa tisa alasiri, uwanja wa soko."

"Hutaki kujua jina lake?"

"La nini? Andika Mpinzani."

"Nitaandika. Ila ana masharti mawili. Kwao kuna redio, wanaomba nao walitangaze pambano hilo kwa watu wao."

"Redio! Ya huko porini?" Chui akapiga mwayo. "Watangaze, nani atawasikiliza? La pili?"

"Anaogopa mtaghairi dakika ya mwisho. Anataka iandikwe kwamba atakayeghairi, mkataba wake na bondia wake umekufa. Bondia anakuwa huru."

"Mimi nighairi kumpiga kipofu mnene? Lete karatasi!" Akakandamiza dole lake, hata mstari mmoja hakusoma.

Kutoka hapo Bi Nguchiro akashuka bwawani. Kiboko alikuwa amezama, pua tu zinaonekana.

"Pfuuu! Nani?"

"Ni mimi, mshona glovu, shikamoo. Nimekupatia mpinzani wa Jumamosi."

"Mkali?"

"Mkali wapi, mzee! Kutwa anatafuna. Asubuhi magoti yanamuuma. Na juzi alimpiga mwenzake ngumi moja, halafu akamwomba radhi."

"Bondia anaomba radhi! Pfuuu! Pfuuu!" Maji yakaruka huku na huku. "Kifaru atamla mzimamzima! Niwekee huyo."

"Jina lake nikwambie?"

"Usinichoshe."

Masharti yakawa yaleyale mawili. Kiboko akatoa mguu wake mnene, akaugandamiza kwenye karatasi, chapa! nusu ya maandishi ikafunikwa na tope.

Jioni ile Bi Nguchiro akawapitia mabondia wenyewe. Nyati alisikiliza akiwa anayakanda magoti, kisha akauliza, "Kifaru anajua?" Akaambiwa atajua sasa hivi. Nyati akasema, "Mwambie asinionee huruma." Na Kifaru, alipoambiwa, akasema, "Dada, mimi nimengoja mpaka nimeona haya kuitwa bingwa. Nitakuja."

Jumamosi ikafika. Jua kali, watu wamejaa mpaka juu ya mapaa ya mabanda. Redio Miamba wakaweka meza yao upande mmoja wa ulingo. Redio Bwawani wakaweka yao upande wa pili. Chui akamwona Kiboko anashuka kwenye mkokoteni.

"We! Umefuata nini hapa?"

"Bondia wangu ana pambano."

"Na wangu pia."

Wakatazamana. Kabla hawajamaliza kutazamana, Nyati akaingia kutoka mashariki. Kifaru akaingia kutoka magharibi. Mama mmoja muuza vitunguu akapiga ukelele, "Ni wao! Ni wao wawili!" Hapo, wanangu, kelele ilipasuka mpaka ndege wakaruka mitini.

Chui akamkamata Bi Nguchiro kanga. "Mpinzani wangu yuko wapi?"

"Si yule pale!"

"Yule ni Kifaru!"

"Kumbe jina lake unalijua? Mimi uliniambia nimwandike Mpinzani."

"Umenidanganya!"

"Wapi? Si mla majani yule? Si mnene? Macho yake yanaona mbali? Nilikuuliza jina, ukasema la nini!"

Kiboko akaja anatweta. "Pambano hili halipo! Lighairiwe!"

Refa alikuwa Korongo. Akafungua karatasi zote mbili, akainamisha shingo yake ndefu, akasoma kwa sauti: "Atakayeghairi, mkataba wake na bondia wake umekufa." Akainua kichwa. "Haya. Nani anaghairi?"

"Ghairi wewe," Chui akamwambia Kiboko.

"Ghairi wewe! Wewe ndiye mwenye kelele."

"Basi tughairi pamoja. Tuhesabu tatu, tuseme wote."

"Sawa. Moja... mbili... tatu!"

Wote wawili wakafunga midomo. Kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake aseme! Watu wakacheka, lakini Bi Nguchiro hakucheka. Alipanda juu ya meza ya Redio Miamba, akamnyang'anya mtangazaji kipaza sauti.

"Sikilizeni nyote, wa Miamba na wa Bwawani! Miaka sita hawa wamewafungia mabingwa wetu kama kuku tengani. Miaka sita wanatuambia haiwezekani. Imewezekana leo, kwa karatasi mbili na mshona glovu! Na kila Jumamosi waliyokataa hili, walimleta mtu asiyejua ngumi apigwe. Jina hamkuambiwa. Mimi ninawaambia. Pongo! Muuza maji, mtoto wa mama yake, amevunjwa taya ili redio isikae kimya! Pongo, mnasikia?"

Chui akanyanyua kucha amrarue. Nyati akasogea kwenye kamba, Kifaru akasogea kwenye kamba. Chui akazitazama zile glovu nne, akashusha mkono.

Ngeeng!

Walipigana, jamani. Watangazaji wa redio zote mbili wakasahau wao ni wa nani, wakawa wanapokezana maneno. Nyati anazunguka, anadokoa, ta! ta! anatoka. Kifaru anakuja mbele, anakuja mbele tu. Raundi ya nne Kifaru alipiga goti moja, watu wakashika vichwa. Akainuka.

Lakini kuanzia raundi ya sita waliowaona mabondia hao zamani walianza kunyamaza. Miguu ya Nyati haikuwa ileile. Alipotaka kuruka kushoto, goti lilichelewa. Na Kifaru alirusha ngumi tatu hewani, pale ambapo Nyati alikuwepo kitambo. Mama muuza vitunguu akasema polepole, "Wametuletea mabaki."

Raundi ya tisa, duu! Ngumi moja ikapata. Nyati akaanguka. Korongo akahesabu mpaka kumi, na Nyati hakuweza kuinuka.

Kifaru hakurusha mikono juu. Alipiga magoti, akamwinua mwenzake, akamketisha kwenye kigoda.

Nyati akahema, damu puani. "Miaka sita iliyopita ningekupiga."

"Najua," Kifaru akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka, na yeye hayafuti. "Ndiyo maana nimekasirika. Nimeshinda, na sitajua kamwe kama mimi ndiye bora."

Wanangu, mnaona? Walipewa pambano lao, lakini miaka haikurudishwa. Nani angeirudisha? Chui?

Na huyo Chui, hebu msikieni! Alipoona watu hawataki kuondoka uwanjani, alipoona redio yake haijawahi kusikilizwa hivyo tangu aianzishe, akaja mbio, anatabasamu meno yote nje. Kiboko nyuma yake.

"Bi Nguchiro! Dada yangu! Tumeelewana, mimi na Kiboko. Tufanye la marudiano! Mwakani! Redio zote mbili!"

"Mmeelewana lini?"

"Sasa hivi!"

"Kwa dakika ngapi?"

Chui akababaika. "Dakika... mbili hivi."

"Dakika mbili!" Bi Nguchiro akamnyooshea kidole mnyama aliyemzidi mara kumi. "Kilichowashinda miaka sita ni mazungumzo ya dakika mbili! Nyati, umesikia? Kifaru, umesikia?"

Walisikia. Nyati akanyanyuka kwenye kigoda kwa shida, akamshika Kifaru bega. Wakafungua glovu kwa meno, wakazitupa kwenye meza, moja moja, mbele ya Chui na Kiboko. "Tafuteni mwingine wa kumfungia," Kifaru akasema. Wakashuka ulingoni wameshikana, watu wakawapisha njia, na redio zote mbili zikabaki wazi hewani, hakuna wa kutangaza kitu.

Nami nakomea hapo, na funzo lake ni hili: anayemfungia bingwa ili amiliki jina lake humwibia bingwa umri wake, na hutuibia sisi sote tuliotaka kumwona.