Kwa Nini Mifarishi ya Ilyamba Ina Viraka vya Kila Nyumba

Mnauona mfarishi ule wa kujifunika ulioanikwa uani, wenye rangi nyingi hata macho hayajui yaanzie wapi? Sogeeni niwaeleze ulivyopatikana, maana kulikuwa na wakati ambapo hakuna mtu wa Ilyamba aliyethubutu kushona kitu cha namna ile.

Wakati huo nguo ikichakaa ilichomwa moto. Watu wa mlimani waliamini kwamba nguo kuukuu huita baridi, na anayeificha ndani huwaletea jirani zake barafu shambani. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na blanketi lake moja, la rangi moja, lililonunuliwa kwa wachuuzi. Nao wachuuzi walipanda mlimani baada ya mavuno tu, kisha hawaonekani tena mpaka mwaka mwingine.

Basi palikuwa na mke wa Lugano, jina lake Tupokigwe, aliyekuwa na mimba yake ya kwanza. Kipupwe kilipoanza kung'ata, alianika blanketi karibu na moto akaenda kuteka maji. Cheche ikaruka. Aliporudi alikuta pindo tu. Tupokigwe alikaa chini akalia, si kwa ajili yake, bali kwa ajili ya yule ambaye angefika katikati ya baridi akakosa cha kufunikwa.

Lugano akamvulia koti lake. Lilimtosha mgongoni, lakini tumbo lilibaki nje lote, wakatazamana, wakacheka huku machozi hayajakauka. Hata hivyo, koti si blanketi. Asubuhi yake Tupokigwe alijikaza akaenda kwa Bibi Subilaga, mjane aliyeogopwa kwa ulimi wake, kumwomba ngozi ya mbuzi.

Bibi Subilaga alimtazama tumbo, akafunga mlango. Akasogeza kapu la maharage, akatoa chini yake mkono wa shati la buluu.

"Bibi, hii si ilitakiwa kuchomwa?" Tupokigwe aliuliza kwa kunong'ona.

"Ilitakiwa. Mkono mmoja niliuchoma, wa pili ukanishinda. Marehemu alikuwa na joto, mwanangu! Kipupwe chote mimi nilikuwa nalipiga blanketi teke. Chukua. Na ukimwambia mtu, utanitambua."

Tupokigwe alitoka na kile kitambaa kifuani, na woga wake ukawa umepungua nusu. Akabisha nyumba ya pili, akaeleza shida yake bila kumtaja Bibi. Huko nako mlango ukafungwa kwanza, kisha kikatoka kipande cha gauni. Nyumba ya tatu, mbeleko. Iliyofuata, mfuko wa suruali, na mwenyewe akaona haya akageukia ukuta. Kila mmoja alimwambia maneno yale yale: asimwambie mtu.

Alishona mpaka vidole vikaota sugu. Kipande kwa kipande, tabaka mbili, na katikati akajaza sufi. Mfarishi ulipokwisha, ulikuwa mzito kwa unyevu wa sufi, na ulihitaji jua. Tupokigwe alijua kwamba akiuanika utaonekana, na asipouanika utaoza. Akauanika.

Watu wakaja, wengine tayari wamekunja uso. Wakauzunguka. Ghafla mwanamke mmoja akapiga kelele, "Jamani, hilo gauni la mama!" Mwingine akaitambua mbeleko aliyobebewa. Wakaanza kutazamana. Kila mmoja alikuwa amedhani miaka yote kwamba mkosaji wa Ilyamba ni yeye peke yake! Aliyeanza kucheka ni Bibi Subilaga, akacheka hata akashikilia kamba ya kuanikia, na uani pote pakavuma vicheko, na majina ya waliokufa yakatajwa kwa sauti bila mtu kulia.

Barafu ilikuja mwaka ule kama miaka yote, haikuzidi wala kupungua. Mtoto wa Tupokigwe alizaliwa siku ya ukungu, akaviringishwa ndani ya mfarishi, akapiga chafya mara moja, akalala.

Kuanzia hapo hakuna aliyechoma tena nguo Ilyamba. Mwanamke akikaribia kujifungua, kila nyumba humpelekea kipande na kumwambia kilikuwa cha nani. Ndiyo maana mpaka leo ukimkuta mtoto wa huko asubuhi ukamuuliza amelala na nani, hatakwambia amelala peke yake. Atagusa kiraka kimoja kimoja akikuhesabia: huyu babu, huyu shangazi, huyu mama yake bibi, na wote, atasema, walikuwa na joto.