Kiboko Aliyejua Kila Jibu

Paukwa.

Pakawa.

Hiyo ni sauti ya walioshiba au waliofiwa? Mimi nimeshinda kinuni tangu asubuhi, mabega yote yananiuma, na bado nimekaa hapa kwa ajili yenu. Paukwa.

Pakawa, Shangazi.

Haya. Nipeni masikio niwape uongo.

Masikio haya, lete uongo.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakisema na kuchoka kama sisi, palikuwa na bwawa, na ndani ya bwawa palikuwa na Kiboko. Ng'ambo ya bwawa watu wa kupima barabara walipiga kambi. Mpishi wao alikuwa na redio, na redio hiyo kila jioni ilikuwa na kipindi cha chemsha bongo. Kiboko alikuwa akitulia majini, pua nje, masikio nje, anasikiliza. Barabara ikaisha kupimwa, watu wakaenda zao na redio yao. Watu wakihama kambi huacha makopo na majivu. Hawa waliacha na majibu, yote kichwani mwa Kiboko.

Kiangazi kikaja. Mito ikakauka, visima vikakauka, likabaki bwawa tu. Kiboko akajaza mwili wake wote kwenye njia ya kunywea, akasema, "Hanywi mtu hapa mpaka nimuulize swali. Likimshinda, anipe mji. Ndiyo desturi ya vitendawili."

Desturi mnaijua. Mtu akitegewa kitendawili kikamshinda, huambiwa, "Nipe mji." Naye hutoa Tanga, Lamu, mji wowote unaomjia. Aliyepewa husema, "Nimekwenda Tanga, nimefika, nimepokewa, nimerudi," kisha hutoa jibu. Ni mji wa mdomoni tu. Watu wa Tanga hawajawahi kuamka wakaambiwa wahame. Lakini Kiboko ana tamaa, tumbo lile mnaliona. Yeye alitaka miji ya kweli.

Akaja Ngiri, koo limekauka kau.

"Ziwa lipi lina kina kirefu kuliko yote duniani?"

"Tanganyika," akasema Ngiri.

"Umekosa. Nipe mji."

Ngiri hana mji, ana shimo lake la kulala. Akalitoa.

"Nimekwenda, nimefika, nimepokewa, nimerudi," akasema Kiboko, na hajainua hata ukucha. "Jibu ni Baikal. Liko Urusi."

Ngiri akanywa, gubu gubu gubu, akaenda kulala nje na wanawe.

Akaja Pundamilia.

"Mji mkuu wa Australia?"

"Sydney."

"Umekosa. Nipe mji."

Akatoa mbuga yake ya nyasi. "Nimekwenda, nimefika, nimepokewa, nimerudi. Jibu ni Canberra." Gubu gubu gubu, akaenda.

Akaja Tumbili.

"Pweza ana mioyo mingapi?"

"Mmoja, kama mimi."

"Umekosa. Nipe mji." Akatoa mkuyu wake. "Nimekwenda, nimefika, nimepokewa, nimerudi. Jibu ni mitatu."

Ikawa ndiyo hali. Kila siku swali, kila siku mji. Wanyama wakachoka. Kiu inachosha, kulala nje kunachosha, lakini kinachochosha kuliko vyote ni kuambiwa umekosa na mtu aliyelala.

Sasa, juu ya kilima, katika mawe, alikuwa akikaa Pimbi. Mnamjua Pimbi, kadogo, hakana hata mkia. Wanawe walikuwa na kiu mpaka ndimi zimewaganda, na zaidi ya jabali lao hawakuwa na pa kujificha tai akipita. Akilitoa, watoto wataliwa. Asipolitoa, watoto watakufa kwa kiu. Akateremka nao hivyo hivyo, polepole.

"Sayari ipi iko karibu na jua kuliko zote?" akauliza Kiboko.

"Baba Kiboko, mimi hata sijui sayari inaliwa na nini. Chukua mji. Nakupa jabali langu."

Watoto wakanywa, gubu gubu gubu. Kiboko akakohoa kidogo, akaanza, "Nimekwenda, nimefika..."

"Samahani, baba. Hujaenda."

"Nini?"

"Unasema umekwenda na tumbo bado liko majini. Mji wa mdomoni huendewa kwa mdomo. Wewe ulitaka wa kweli, nao huendewa kwa miguu. Na kabla hujaenda, jibu hulitoi."

Wanyama waliokuwa wakingoja zamu wakaguna, "Ni kweli. Ndiyo desturi."

Kiboko akatazama kilima. Akatazama jua. Jibu lilikuwa linamwasha ulimini. Mjuaji ukimzuia kutoa jibu, ni afadhali umnyime chakula.

Akatoka majini. Ndi, ndi, ndi, akapanda kilima saa sita mchana, ngozi inakauka, inavuta, inapasuka. Kule juu akakuta ukoo mzima wa Pimbi umekaa kivulini.

"Mwenye mji amefika," wakasema. "Karibu, baba. Tuna matanga ya mjomba wetu, tai alimchukua. Mwenye mji hukaa na wafiwa. Kisha kuna shemeji wawili hawasemeshani, wanakungoja uwapatanishe."

Akakaa na wafiwa. Akawapatanisha shemeji. Ndi, ndi, ndi, akarudi, akapiga kelele, "Utaridi!"

Hakuna aliyekuwa pale wa kumsikia. Wote walikuwa wamekunywa wakaenda zao.

Pimbi akapita kwa kila mnyama, akasema neno moja: "Mmempa mji. Msimnyime shughuli zake."

Asubuhi akaja Ngiri. "Baba Kiboko, shimo lako limeporomoka. Mwenye mji ndiye huchimba." Ndi, ndi, ndi, akaenda kuchimba.

Hajapumua, akaja Pundamilia. "Baba Kiboko, nyumbu wameingia mbugani kwako, wanasema ni kwao. Njoo uamue." Ndi, ndi, ndi, akaenda kuamua.

Hajalowa, akaja Tumbili. "Baba Kiboko, kuna harusi mkuyuni kwako. Mwenye mji haondoki mpaka mgeni wa mwisho aondoke." Na harusi za tumbili mnazijua.

Akirudi, anakuta wanakunywa. Akifungua kinywa aulize swali, anaitwa msibani. Akakonda Kiboko, mnacheka, lakini alikonda. Ngozi ikawa kama ukoko wa ugali. Mwisho akaja mwenyewe mbele ya wanyama wote, akajitupa matopeni.

"Chukueni miji yenu. Sitaki."

"Mji hautupwi, baba," akasema Pimbi. "Mji hutolewa na aliyeshindwa swali."

"Basi niulizeni nishindwe."

Ngiri akasogea. "Baba Kiboko, una miguu mingapi?"

"Minne," akasema Kiboko, kisha akajiziba kinywa. Jibu lilikuwa limeshatoka. Ikabidi aende kwanza kuchimba shimo lililokuwa limeporomoka tena. Ndi, ndi, ndi.

Aliporudi, Ngiri akauliza lile lile. "Una miguu mingapi?"

Wanyama wote wanamtazama, na miguu yote inaonekana.

"Sijui."

"Nipe mji." Ngiri akapata shimo lake.

"Maji yana rangi gani ya nguo?" akauliza Tumbili, maana tumbili haachi utumbili.

"Sijui." Tumbili akapata mkuyu.

"Ukiwa na njaa unakula nini?" Pundamilia.

"Sijui." Akapata mbuga.

Sijui, sijui, sijui. Kila aliposema akaona mzigo unashuka mgongoni. Kumbe ni neno zuri, na miaka yote hakuwahi kulionja. Pimbi akauliza, "Mimi ni mkubwa au wewe?" Sijui. Jabali likarudi, watoto wakapata pa kujificha. Kiboko akafumba macho, usingizi unamchukua.

"Baba Kiboko," akasema Pimbi taratibu, "bwawa hili ni la nani?"

"Sijui."



"Basi nipe mji," akasema Pimbi.

Kiboko akafumbua macho. Akatafuta mji. Shimo limekwenda, mbuga imekwenda, mkuyu umekwenda, jabali limekwenda. Kimebaki kile alichokilalia tu.

"Nakupa bwawa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa.

Pimbi akateremka kwa miguu yake mpaka majini, akalowesha kucha, akapanda tena.

"Nimekwenda, nimefika, nimepokewa, nimerudi," akasema. "Jibu ni letu sote."

Tangu siku hiyo wanakunywa wote, na Kiboko anaoga humo humo kama mpangaji, na hakuna anayemuuliza kitu.

Funzo, kwa kuwa hamtalala bila funzo: wanangu, msiseme "sijui" hata siku moja. Mkiulizwa msilolijua, jibuni tu, tena kwa sauti kubwa, mtaheshimiwa na mtapewa miji, pamoja na shughuli zake zote.

Ngano yangu imefika kwake, nami naenda kwangu. Mwenye swali akamuulize Kiboko.